Daftari la usomaji: mwanafunzi anapokijibu kitabu kwa maneno yake

Ikifika Septemba, mtihani wa kidato cha nne ukiwa mlangoni, ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio yetu hapa Mkuyuni hubadilika. Badala ya salamu na maombi ya nyimbo, tunaombwa "uchambuzi". Tusomeeni dhamira za kitabu fulani. Tutajieni wahusika na tabia zao. Wengine wanaoandika ni wanafunzi wenyewe, wengine ni wazazi wanaomwombea mtoto.

Tunawaelewa. Shule nyingi za kata zina nakala chache za vitabu teule, na darasa moja linaweza kuwa na wanafunzi sabini au zaidi. Kitabu kinapita mikono mingi mpaka jalada linang'oka, ilhali uchambuzi umepigwa chapa, unauzwa stesheneri na unazunguka kwenye simu. Mwanafunzi anayejua kwamba zamu yake ya kusoma kitabu huenda isifike, anashika kilicho karibu.

Tatizo ni kwamba uchambuzi wa kununua umeandikwa na mtu aliyekwisha kusoma, na unamwachia mwanafunzi kazi ya kukariri tu. Atajua kuitaja dhamira ya "nafasi ya mwanamke katika jamii" kwenye riwaya ya Takadini, lakini hatajua kwa nini Sekai alimbeba mtoto wake na kukikimbia kijiji cha mumewe. Swali la mtihani likigeuzwa kidogo, amekwama. Na hata likija vile vile alivyolikariri, amefaulu mtihani bila kusoma kitabu.

Makala haya yanaeleza njia nyingine, isiyohitaji umeme wala fedha nyingi: daftari la usomaji.

Daftari lenyewe

Ni daftari la kawaida. Kaunta buku ya kwaya mbili ikipatikana ni vizuri kwa sababu inavumilia kushikwashikwa. Isipopatikana, daftari dogo la mazoezi linatosha. Mwalimu anapanga sehemu ya kusoma, tuseme sura moja au kurasa kumi. Mwanafunzi akimaliza anaandika nusu ukurasa. Haandiki muhtasari wa hadithi, kwa sababu hadithi kila mtu anaijua. Anaandika jambo lililomgusa, lililomkera, asilolielewa, au asilokubaliana nalo, kisha anataja ukurasa na maneno ya kitabu yaliyomfanya afikirie hivyo.

Ukurasa wa kushoto ni wa mwenye daftari. Wa kulia unaachwa wazi. Siku inayofuata wanafunzi wanabadilishana madaftari, na aliyepokea anamjibu mwenzake kwenye ukurasa huo wa kulia: anakubali, anabisha, au anauliza. Mwenye daftari akirudishiwa ana haki ya kujibu tena. Kwa hiyo kinachoandikwa hakiandikiwi mwalimu peke yake, kinaandikiwa mtu wa rika lake ambaye amesoma kurasa zile zile na anaweza kusema, "Hapo hujasoma vizuri."

Hilo la kuwa na msomaji ndilo linalobadilisha mambo. Mwanafunzi anayeandika ili apewe alama huandika kile anachodhani mwalimu anataka. Anayeandika ili mwenzake wa dawati asimshinde kwa hoja hurudi kwenye kitabu kutafuta ushahidi.

Wataalamu wa elimu wamelisema jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1938 mwalimu wa Marekani, Louise Rosenblatt, alichapisha kitabu alichoeleza ndani yake kwamba maana ya hadithi haikai kwenye karatasi ikisubiri kuokotwa. Hutokea pale msomaji, na maisha yake yote, anapokutana na maandishi. Hakumaanisha kwamba kila jibu ni sahihi. Msomaji ana uhuru wa kuhisi, lakini lazima aonyeshe kitabu kimesema wapi.

Kanda ya Ziwa haikuanza leo

Wazee wetu watakumbuka madarasa ya redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wanaokadiriwa kufika milioni 2 nchini, katika vikundi vilivyokaa kuizunguka redio. Kila kikundi kilikuwa na kijitabu. Walisikiliza kipindi, wakasomewa sehemu ya siku hiyo, halafu wakajadili: sisi hapa maji yetu yanatoka wapi, vyoo vyetu vikoje, mbu wanazaliana wapi. Kazi haikuisha kijitabu kilipofungwa. Ndipo ilipoanza, maana watu walitoka pale wakaenda kuchimba vyoo.

Mwanza ilikuwa na nafasi ya pekee katika mambo hayo. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mji huu ulikuwa makao ya mradi wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO, uliohudumia mikoa ya kanda hii. Baadaye katika miaka hiyo ya 1970 likachapishwa hapa gazeti la Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu wa vijijini waliotoka kujifunza kusoma. Wazo lililokuwa nyuma yake ni lile lile: anayejua kusoma asipokuwa na kitu cha kusoma kinachomhusu, husahau.

Kwa hiyo tunapomweleza mzazi kuhusu daftari la usomaji, tunamwambia ni darasa la redio la bibi yake, ila sasa kila mmoja anaandika.

Mfano: Takadini darasani Mwanza

Kwa miaka mingi orodha ya vitabu vya Kiswahili vya kidato cha tatu na cha nne imekuwa na majina yanayojulikana: Takadini, Watoto wa Mama Ntilie na Joka la Mdimu upande wa riwaya, Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe, Orodha na Kilio Chetu upande wa tamthiliya, Wasakatonge, Malenga Wapya na Mashairi ya Chekacheka upande wa ushairi. Tuchukue Takadini, kwa sababu huku kwetu hakuna kitabu kinachogusa kidonda kama hicho.

Riwaya hiyo iliandikwa kwa Kiingereza na Ben Hanson, ikatafsiriwa kwa Kiswahili. Inatokea miongoni mwa Washona wa Zimbabwe. Sekai amekaa miaka mingi bila mtoto. Anapojifungua, mtoto ana ualbino, na mila ya hapo inasema mtoto wa namna hiyo haruhusiwi kuishi. Sekai anakimbia naye. Wanapokelewa kijiji kingine, na humo mtoto anakua, anafundishwa kupiga mbira na mzee Chivero, na polepole anajipatia nafasi yake kati ya watu. Jina lake mwenyewe ni swali: tumekosa nini?

Sasa fikiria mwanafunzi wa Misungwi, Magu au Sengerema anakisoma kitabu hiki. Kuanzia mwaka 2007 hivi, Kanda ya Ziwa ilitajwa duniani kote kwa mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyosukumwa na imani za kishirikina. Mwezi Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Wanafunzi waliozaliwa miaka hiyo ndio waliofika sekondari. Kuna familia zilizolala zikikesha. Kuna watoto waliopelekwa kuishi katika shule za bweni kwa usalama wao. Uchambuzi wa kununua utamwambia mwanafunzi huyu kwamba dhamira ni "mila potofu", nukta, na ujumbe ni "tuache mila potofu", nukta. Maneno hayo si ya uongo. Lakini ataandika mistari miwili hiyo bila kujiuliza lolote kuhusu kijiji chake.

Kwenye daftari inaweza kuwa hivi. Mfano huu tumeutunga sisi ili kuonyesha namna tu.

Ukurasa wa kushoto, mwenye daftari: "Nimemwonea huruma Sekai. Alisubiri mtoto miaka mingi, akampata, halafu wakamwambia huyo si mtoto. Lakini sijui kama mama yangu angeweza kukimbia. Angekwenda kwa nani? Akienda kwa wajomba, watamrudisha kwa sababu ya mahari."

Ukurasa wa kulia, mwenzake: "Umesema watamrudisha. Mbona kwenye kitabu kijiji kingine kilimpokea? Vijiji vyote viwili vina mila zinazofanana. Kwa nini hawa walikubali na wale walikataa?"

Chini yake, mwalimu: "Swali hili sijaliona kwenye uchambuzi wowote. Tafuteni sehemu mbili kwenye kitabu zinazosaidia kulijibu, mlete Ijumaa na namba za kurasa."

Angalia kilichotokea. Mtoto wa kwanza ameleta mahari, jambo ambalo kitabu hakikumuuliza, kwa sababu ndilo analolijua. Wa pili amemrudisha kwenye kitabu. Mwalimu hakufundisha lolote jipya. Amewaelekeza tu wakatafute. Na hoja ya kwamba mila ni ile ile lakini watu wanaweza kuchagua tofauti ni nzito kuliko "tuache mila potofu".

Hapa tuseme jambo moja kwa walimu. Kama darasani kuna mwanafunzi mwenye ualbino, asigeuzwe mfano. Asiulizwe mbele ya wenzake, "Wewe unajisikiaje?" Aachwe aandike anachotaka, hata kama anataka kuandika kuhusu mzee Chivero na mbira yake tu. Vile vile mwalimu apitie majibu ya ukurasa wa kulia kabla madaftari hayajarudi kwa wenyewe, maana utani wa wanafunzi wakati mwingine una meno.

Wanafunzi themanini, mwalimu mmoja

Walimu husema, na ni kweli, kwamba hawawezi kusoma madaftari yote. Hesabu yenyewe: wanafunzi 80, dakika tatu kwa kila daftari, ni saa nne. Hakuna mwalimu wa shule ya kata mwenye saa nne za ziada kwa zoezi moja.

Kwa hiyo asiyasome yote. Achukue kumi kwa siku. Katika siku nane za masomo darasa zima limepitiwa. Mengine yanasomwa na wanafunzi wenyewe, ndiyo maana ya ukurasa wa kulia. Asiweke alama za mia. Atie saini na aandike sentensi moja, ikiwezekana swali. Na tunaomba sana kalamu nyekundu ipumzike kidogo. Mtoto aliyeandika "kura chakula" badala ya "kula chakula" ni mtoto wa kwetu. Sisi watangazaji tuliokulia huku tunaijua vizuri hiyo vita ya "l" na "r". Ukimzungushia makosa kumi na tano katika nusu ukurasa, wiki ijayo ataandika mistari mitatu tu, yote salama na haina kitu. Chagua kosa moja, mwonyeshe, endelea.

Nakala zikiwa chache, kitabu kisomwe kwa sauti. Mwalimu au mwanafunzi mwenye sauti nzuri anasoma dakika ishirini, wengine wanasikiliza na kuandika hapo hapo. Tamthiliya zinafaa zaidi kwa njia hii. Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba inapendeza ikisomwa na watu wanaogawana nafasi: karani wa sensa aliyetumwa kijijini kuhesabu watu, binti aitwaye Mazoea, na baba mtu Mitomingi. Baada ya kucheka, swali la daftari linakuja lenyewe: nani aliiharibu kazi ya Serikali, ni Ngoswe peke yake? Ushairi ni mgumu zaidi na hatutadanganya. Shairi moja kwa wiki linatosha, na mwanafunzi aruhusiwe kuandika tu maneno asiyoyaelewa.

Kuhusu lugha, wengi wa watoto wetu wanazungumza Kisukuma, Kikerewe au Kijita nyumbani, wanasoma kwa Kiingereza darasani, na Kiswahili kiko katikati. Neno la nyumbani likimjia kwanza, aliandike, kisha atafute la Kiswahili. Kwa vitabu vya somo la Kiingereza njia hiyo hiyo inafaa: wajadiliane kwa Kiswahili, halafu waandike kwa Kiingereza. Anayelazimishwa kufikiri kwa lugha asiyoiweza huishia kunakili.

Kutoka daftari hadi chumba cha mtihani

Mzazi atauliza: haya yote yatamsaidia kufaulu? Swali la fasihi kwenye mtihani kwa kawaida humtaka mwanafunzi atumie vitabu viwili vya aina moja na atoe hoja tatu kutoka kila kitabu. Anayetunza daftari tangu kidato cha tatu anakuwa na hoja nyingi zilizokwisha kupigwa msasa na wenzake.

Chukua yule aliyemwonea huruma Sekai. Miezi miwili baadaye wanasoma Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo. Mama anauza chakula ili watoto wale na wasome, mume ni mlevi, watoto wanafukuzwa shule kwa sababu ya sare. Mwanafunzi anafungua daftari, anaona alichoandika juu ya Sekai, na anagundua kitu: wanawake wote wawili wamebeba malezi peke yao, mmoja kwa kukimbia na mwingine kwa kubaki. Hiyo ni hoja. Hakuikariri, kwa hiyo hata swali likiulizwa kwa namna tatu tofauti, ataipata.

Maneno ya kitaalamu bado anayahitaji: dhamira, migogoro, msimamo, muundo, mtindo, mandhari. Yafundishwe. Ila yafundishwe baada ya mwanafunzi kuwa na kitu cha kuyaita majina hayo.

Kuna faida nyingine isiyopimwa na mtihani. Waandishi wakubwa wawili wa kanda hii walitoka Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza hadithi yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya kuhusu msichana wa Ukerewe aliyebanwa mno na baba yake akaja kuharibikiwa alipokuwa mbali naye. Kwa muda ilikatazwa shuleni, baadaye ikaja kusomwa. Kwa maoni yetu, kitabu kilichowahi kuwatia watu wazima wasiwasi namna hiyo ndicho ambacho vijana wana la kusema juu yake. Nani ajuaye kama anayeandika nusu ukurasa leo kule Nansio hataandika kitabu kesho.

Mzazi asiyesoma, na ukurasa uliokunjwa

Huhitaji kujua kusoma ili kumsaidia mwanao. Jioni, mkiwa jikoni au mkimenya mihogo, mwambie akusimulie alichosoma. Akimaliza muulize, "Wewe ungefanyaje?" Usimkatize kumwambia jibu. Kesho akiandika kwamba mama amesema Sekai alikosea kuondoka bila kuwaaga wazazi wake, darasa zima litabishana juu ya neno lako, na hilo si jambo dogo.

Lakini ujue pia kwamba mtoto akianza kuandika kweli, anaweza kuandika mazito. Kilio Chetu kinazungumzia vijana na UKIMWI. Rosa Mistika ina baba anayepiga. Kuna mwanafunzi atakayeandika, "Hata kwetu iko hivi." Kwa sababu hiyo darasa liwe na kanuni tangu siku ya kwanza: ukurasa uliokunjwa kona hausomwi na wanafunzi wengine, ni wa mwalimu tu. Mwalimu akikuta humo habari ya kipigo, ya kulazimishwa ndoa au ya kuguswa vibaya, asiijadili darasani wala asimwite mzazi anayetuhumiwa. Aanze na mwalimu wa malezi na ofisa ustawi wa jamii. Ipo pia namba ya simu ya huduma kwa mtoto, 116, isiyotozwa fedha, ambayo mwanafunzi au mtu mzima yeyote anaweza kupiga.

Kama unataka kununua kitabu

Orodha tuliyoitaja hapo juu si ya milele. Mtaala uliboreshwa mwaka 2023, na vitabu vinabadilika kadiri madarasa mapya yanavyopanda. Kabla ya kutoa fedha, muulize mwalimu wa Kiswahili kitabu gani kinasomwa na darasa la mwanao, na umwombe akuandikie jina la kitabu na la mwandishi kwenye karatasi. Ukienda dukani na jina nusu utauziwa uchambuzi wa kitabu, maana majalada yake yanafanana na ya kitabu chenyewe na muuzaji hana haja ya kukueleza. Fungua ndani: ukikuta vichwa kama "dhamira" na "wahusika" kuanzia ukurasa wa kwanza, kirudishe. Wazazi watatu wa kitongoji kimoja wanaweza kuchangia nakala moja na kupangiana wiki. Na mwenye safari ya mjini, Maktaba ya Mkoa wa Mwanza iko wazi kwa kila mtu; mtoto anaweza kukaa humo akasoma Jumamosi wewe ukiwa sokoni.